Imekataa, Amekataa

Mwezi jana tulimzika mama mkwe wangu huko Kalimoni, na katikati ya hotuba za mazishi shemeji yangu Githinji akashika maikrofoni akasimulia kisa cha gari. Sikukitarajia. Miaka thelathini na kitu imepita, kichwa chake kimekuwa cheupe chote, na bado anakisimulia kwa mikono miwili, akionyesha jinsi alivyong'ang'ana na usukani. “Ile gari ya ndugu yangu Mwaura ilinikataa mimi!” akasema. “Nazungusha ufunguo, wapi! Akija Njeri, bibi yake, inanguruma. Mama akatuambia tuiache, marehemu hajamaliza. Mama yetu alikuwa anajua mambo.” Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, hata mhubiri akatikisa kichwa akitabasamu. Mimi Njeri nilikuwa mstari wa pili, kwenye kiti cha plastiki. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama hakuwahi kumwambia mwanawe ukweli. Aliujua tangu mwaka ule ule, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia, na akakaa nao kimya mpaka tukamfukia. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikijiuliza kwa nini alininyamazia, narudi kwenye mwaka ule mmoja, nikiwa na miaka ishirini na sita, mjane, na mwongo.

Tulikuwa tunakaa Landless, upande wa Thika, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo jikoni yake ilikuwa na dirisha dogo linaloangalia uwanja. Uwanjani ndipo gari ilipokuwa inasimama, steshen wagoni ya Kijapani iliyochoka, mlango mmoja rangi tofauti na mingine. Niliuza cherehani yangu ili tuinunue, kwa hivyo mtu asiniambie ilikuwa ya Mwaura peke yake. Kila asubuhi nilipika githeri ya mahindi na maharagwe, na chapati, tukapakia sufuria nyuma, Mwaura akaendesha mpaka kwa wachimba mawe wa Juja na wajenzi wa Ruiru, nami nikapakua chakula. Nyumba ilinuka vitunguu na gari ilinuka vitunguu. Hata kanisani nilinuka vitunguu, na sikuona aibu. Nilikuwa na mume anayecheka, na mtoto wa miaka mitatu, Wambui, aliyepewa jina la mama yake Mwaura kama ilivyo desturi. Sikuwa nataka kitu kingine, kusema kweli.

Ila gari ilikuwa na ugonjwa. Asiyejua mambo ya gari nimweleze: pale pa kutia ufunguo pana loki ya stelingi, yaani kufuli la usukani. Ukichomoa ufunguo na usukani ukasogea kidogo, chuma hushuka ndani, tak, na usukani haugeuki tena mpaka ufunguo urudi. Ni ya kuzuia wezi. Yetu ilikuwa imelika ndani kiasi kwamba ilimzuia hata mwenyewe. Ufunguo uliingia vizuri na haukuzunguka hata ungemwita nani. Mwaura alikuwa na ujanja wake, na Jumapili moja baada ya chakula alinikalisha kwenye kiti cha dereva akanifundisha. “Usiilazimishe,” akasema, “ukiilazimisha inanuna. Ingiza mpaka mwisho. Sasa urudishe nyuma kidogo, unene wa ukucha tu. Sukuma usukani kushoto kwa goti. Halafu zungusha kama mtu ambaye hana haja.” Nilijaribu mara kumi na tano hivi. Akacheka mpaka akalaza kichwa kwenye mgongo wa kiti. Mara ya kumi na sita gari ikawaka, akasema sasa tuko wawili duniani tunaojua, na kwamba atabadilisha hiyo loki wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilikuwa imeahidiwa tangu mwaka uliotangulia.

Mwezi wa pili tumbo lilianza kumuuma. Mwezi wa nne tukamzika. Sitaandika mengi juu ya wodi ile, ila jambo moja lazima niliandike. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono akaniambia, “Mwambie Mama asijilaumu.” Nilijua anasema nini. Tumbo lilipoanza, alienda kwa mama yake Kalimoni akalalamika, na mama yake, ambaye alikuwa amezaa watoto saba huku akilima kila siku, akamwambia aache kudeka, mwanamume halii juu ya tumbo. Akarudi nyumbani akajikaza wiki tano. Daktari alisema zile wiki tano ndizo zilizokuwa muhimu. Mama alikuwa amesimama pale daktari aliposema hivyo, na uso wake haukubadilika hata kidogo, isipokuwa alianza kukunja kona ya leso yake na hakuacha kuikunja mpaka mazishi. Nilipanga kumpa ule ujumbe baada ya msiba kupoa.

Msiba haukupewa nafasi ya kupoa. Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, Githinji akaja Landless na mama yake na dereva mmoja Mkamba, rafiki yake wa Thika, kuchukua gari. Hakuomba. Alisema gari ni ya nyumba yao, na kwamba mwanamke aliyefiwa atafanya nini na gari. Nilikuwa nimesimama mlangoni na unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Nilimpa ufunguo. Watu hudhani nilimpa kwa heshima. Aka! Nilimpa kwa sababu nilijua. Akaingia, akazungusha, kimya. Akatoa, akapuliza, akarudisha, kimya. Yule dereva akajaribu, akatia mafuta ya kupikia niliyompa mimi mwenyewe kwa kijiko, akapigapiga kwa kisigino cha kiatu. Majirani wakatoka na viti. Baada ya saa nzima hivi Githinji akawa amelowa jasho, na kwa hasira akaushika usukani kwa mikono yote akajitupa juu yake, na kifua chake kikabonyeza honi. Ile honi ilikuwa mbaya, ilikuwa na sauti ya kulia. Akaruka nje akagonga kichwa mlangoni. Mtoto wangu akaanza kupiga kelele, “Baba! Baba amekuja!” kwa sababu Mwaura alikuwa akipiga honi hiyo kila akirudi.

Kwa ajili ya yule Mkamba, asubuhi hiyo yote tuliongea Kiswahili, na ni Kiswahili kilicholeta yote yaliyofuata. Dereva akafuta mikono akasema, kama fundi yeyote wa Kenya anavyosema gari isipowaka, “Imekataa.” Na mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kwenda shule, na ambaye kwenye Kiswahili chake kuku, kikombe na mvua vyote vilikuwa a-, a-, a-, akarudia polepole, “Amekataa.” Basi. Herufi moja. Kwa mdomo wake neno hilo lingeweza kuwa gari na lingeweza kuwa Mwaura, na sidhani hata yeye alikuwa amechagua bado. Mama Kimani wa mlango wa pili akashika mdomo. Githinji akatazama kiti cha dereva kama kuna mtu. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, Kiswahili nilipata alama nzuri, nilijua tofauti ya i na a kuliko wote waliosimama pale, na ningeweza kusema sentensi moja ya kawaida, loki imelika, njooni niwaonyeshe. Nikasema, “Ndio, Mama. Amekataa.”

Waliondoka bila gari. Jumatatu nikaamka, nikapika, nikapakia sufuria, nikaingia kwenye gari mbele ya majirani wote, nikarudisha ufunguo unene wa ukucha, nikasukuma kwa goti, ikawaka. Mama Kimani akamtaja Mungu kwa Kikuyu, “Ngai!”, akaingia ndani. Kufika jioni habari ilikuwa Kalimoni. Niliendesha kasi njia nzima mpaka Juja, si kwa woga wa marehemu, bali kwa furaha mbaya, ile ya mtu aliyekwepa kofi. Nilijiambia ni yangu, nimeilipia cherehani, mtoto wangu atakula. Bado nasema hivyo. Hilo silijutii hata leo, na mtu akinitolea mahubiri juu yake nitamwonyesha mlango.

Alhamisi ya wiki hiyo Mama akaja peke yake. Alikuwa na chupa ya uji na nduma zilizochemshwa, zimefungwa kwa kitambaa. Tuliongea Kikuyu sasa, na Kikuyu hakina mahali pa kujificha. Akaniuliza wazi, “Mwaura anakukubalia kuendesha?” Nikamwangalia machoni, nikasema, “Ananikubalia, Mama.” Akaitikia kwa kichwa. Akaomba nimfungulie mlango wa abiria. Akaingia, akaacha mlango wazi, akaweka nduma moja kwenye kiti cha dereva, akaanza kuongea. Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, nikabaki na mwiko mkononi. Alimwambia ng'ombe amezaa, ndama ni dume, bahati mbaya. Akamwambia Githinji amekuwa mjinga kidogo lakini asimkasirikie. Akamwambia mahindi ya upande wa mtoni yamekauka. Saa moja nzima. Kisha akatoka, akanipa ile nduma iliyokuwa ya mwanawe nimpe mtoto, akaenda zake.

Akaja kila Alhamisi. Nilianza kupanga kazi yangu ili gari iwepo saa nane. Wakati mwingine nilimpelekea chai, naye aliipokea bila kuacha sentensi yake, na mara nyingine alicheka peke yake humo ndani mpaka akafuta macho. Watu wa Landless walianza kupita mbali na gari yetu. Mimi mwenyewe, ambaye nilijua kila kitu, nilianza kuiogopa. Nilipokuwa peke yangu barabarani karibu na mashamba ya kahawa ya Ruiru nilikuwa nazima redio ili nisikilize. Nasikiliza nini? Sijui. Nilijikuta nikisema “samahani” nikipita juu ya shimo. Siku moja nilimpakulia Mwaura sahani, nikaiona mezani, nikakaa chini nikalia kwa hasira, kwa sababu uongo ni wangu na ulikuwa umeniingia mimi.

Ilipofika mwezi wa nane, Alhamisi moja, nikasikia sauti ya Mama imebadilika. Nikasogea dirishani. Alikuwa ameegemea upande wa dereva, ameushika usukani kwa mkono mmoja, jinsi unavyomshika mtu mkono hospitalini. Alikuwa analia. Alisema, “Nilikuambia unadeka. Mwanangu, mimi ndiye niliyekuambia unadeka. Nisamehe. Nikisamehewa nitalala.” Nilihisi aibu kama nimevua nguo. Pale pale nikakumbuka ujumbe wa wodini, ambao miezi minne mizima nilikuwa nimeukalia, kwa sababu kila nikitaka kuusema niliona utafungua maongezi mengine, na maongezi hayo yangefika kwenye loki. Nikaweka mwiko chini. Nikatoka kwenda kumwambia. Niko hatua tatu kutoka kwenye gari, Mama akauvuta usukani kifuani akilia, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeegesha magurudumu yakiwa yamenyooka, ufunguo uko mfukoni mwangu, kwa hivyo chuma hakikuwa kimeshuka. Kikashuka. Tak. Usukani ukakaza mkononi mwake. Akaniona nimesimama. Sijawahi kuona uso uliofunguka vile. “Njeri,” akasema, “amenisamehe. Amenishika.”

Mngefanya nini? Mimi nilimshika bega nikasema, “Ndio, Mama.” Nilidhani ujumbe umefika, hata kama umebebwa na chuma. Nilidhani haujalishi njia. Siku hiyo alikula sahani mbili za githeri, akaenda akiimba wimbo wa kanisani, na niliambiwa alilala mpaka jua likatoka.

Mwezi wa kumi nikashindwa na loki. Nilikuwa Gatongora, Ruiru, kwenye nyumba zilizokuwa zinajengwa, nimemaliza kugawa chakula. Nikafanya kama kawaida, ukucha, goti, bila haja. Hakuna. Nikafanya tena na tena mpaka goti likauma, usukani umekaza, magurudumu yameangalia mtaro. Wajenzi wakaniitia fundi aliyekuwa na kibanda karibu na duka la mbao, jina lake Ndegwa, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliweka sikio karibu na ufunguo kama daktari. “Hii roki imekwisha, mathe,” akasema. “Sio kukataa. Imekwisha. Umekuwa ukiiendesha aje?” Nikamwonyesha kwa goti. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Kisha akaacha kucheka akaniambia kwamba loki iliyolika hivyo siku moja ufunguo ungeteleza nje nikiwa kwenye mteremko, usukani ujifunge, na hapo ningeongea na Mungu wangu. Nilikuwa nambeba mtoto kwenye hiyo gari kila siku.

Akatoa waya wa betri. Akafungua kava za chini ya stelingi. Akanionyesha kwamba loki imeshikwa na bolti mbili zisizo na vichwa, zilikatwa vichwa makusudi huko kiwandani ili mwizi asizifungue, na kwamba njia ni kuzitoboa. “Nikitoboa hairudi,” akasema. “Nitoboe?” Ilikuwa saa saba mchana, mafundi wa mawe wanakula chapati zangu, redio inaongea mahali. Nikaona aibu mbele ya mtu mwenye drili mkononi. Nilihisi naulizwa nimzike tena. Ndegwa akangoja, akidhani nafikiria bei. Nikasema, “Toboa.” Akatoboa, akapiga kwa tindo, loki ikatoka nzima nzima, nzito, chafu. Akafunga nyingine aliyoipata kwa gari iliyogongwa, ya aina hiyo hiyo, ikiwa na funguo zake mbili. Akanipa nijaribu. Ikazunguka laini, bila goti. Mtu yeyote angeweza kuiwasha. Hata Githinji.

Nilirudi Landless nimeifunga ile loki ya zamani kwa gazeti, na nikafanya uamuzi ambao nilidhani ni mzuri. Nilijiambia Mama anateseka, anaamini mwanawe anazurura ndani ya gari badala ya kupumzika, na mimi nikimwambia ukweli nitampa amani na nitajisafisha. Jumamosi nikaendesha mpaka Kalimoni. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya viazi. Nikakaa kwenye kigoda. Nikasema yote bila kupumua: ukucha, goti, Jumapili ile, ile asubuhi ya Githinji, kwamba nilijua, kwamba nilikubali neno lake kwa faida yangu. Nikafungua gazeti. “Mwaura amelala salama, Mama. Hakukataa kitu. Ilikuwa hii tu.”

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Alifuta mikono, akaichukua loki, akaiweka mapajani. Akaniomba ufunguo wa zamani, akauingiza, akanitazama nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Akauzungusha, nao ukazunguka kwa kuwa hapakuwa tena na usukani wa kuibana loki, akauchomoa, akasukuma kwa kidole pale nilipomwonyesha. Tak. Akarudia. Tak. Akarudia mara ya tatu, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akasema, si kwangu hasa, “Kwa hivyo hajanisamehe.”

Hapo ndipo nilipoelewa nilichobeba kwenye gazeti. Nikapiga magoti kwenye maganda ya viazi. Nikamwambia, “Alikusamehe, Mama. Aliniambia mwenyewe, hospitalini, siku mbili kabla. Alinishika mkono akasema, mwambie Mama asijilaumu. Naapa kwa mtoto wangu.” Na ilikuwa kweli. Katika yote niliyomwambia mwaka ule, hilo ndilo lilikuwa kweli tupu, na nilimwangalia machoni nilipolisema ili aone.

Aliniangalia bila chuki. Akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya udongo. “Njeri,” akasema, “na siku ile uliponiambia anakukubalia, ulinitazama hivi hivi.” Kisha akaninyanyua, akajaza viazi kwenye mfuko, vile vikubwa, akasema nimpelekee mtoto, na niende mapema kwa sababu kulikuwa na dalili ya mvua.